Liang Shiqiu na Msamiati wa Karaha: Maisha ya Mtunga Kamusi

Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza mjini Taipei katika miaka ya 1960 au 1970 aghalabu alikuwa na kamusi ambayo jalada lake lilibeba jina la Liang Shiqiu. Mwanafunzi wa rika lake aliyesomea Beijing alilijua jina hilohilo, lakini alilikuta kwingine kabisa: katika insha ya Lu Xun ambamo Liang anaitwa mbwa. Mtu huyu mmoja ndiye aliyetumia zaidi ya miaka 30 kutafsiri tamthilia zote za William Shakespeare kwa Kichina, na ndiye aliyeandika, katika ujana wake, kijitabu kizima juu ya sanaa ya kutukana. Ni nadra kumpata mtaalamu mwingine wa lugha wa karne ya ishirini ambaye maisha yake yalizungukwa kiasi hicho na swali la maneno ya ubaya na karaha: wapi yaruhusiwe, yapewe visawe gani yanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na humfanya nini yule anayetupiwa.

Alizaliwa Beijing tarehe 6 Januari 1903, katika ukoo wenye asili ya Hangzhou. Jina lake la utotoni lilikuwa Zhihua. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia shule ya Tsinghua, iliyofunguliwa mwaka 1911 kwa fedha za fidia ya vita vya Boksa ambazo Marekani ilikubali kuzirejesha ili ziwaandae vijana wa Kichina kwenda kusoma huko. Asubuhi masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Mchana kwa Kichina. Masomo ya mchana hayakuhesabiwa katika kufuzu, na kwa sababu hiyo wanafunzi waliyadharau pamoja na walimu wake. Mmoja wa walimu hao aliingia baadaye katika insha inayojulikana sana ya Liang. Alikuwa mtu mwenye sura ya kutisha: macho ya pembe tatu, pua kubwa yenye tone la kamasi lisilokauka, kanzu yenye madoa ya mafuta, na tabasamu lililomfanya aonekane mkali zaidi kuliko alipokuwa hacheki. Siku moja, akiwa amelewa kidogo, alimtukana Liang mbele ya darasa. Kisha akawa mwalimu aliyemfundisha kuandika, kwa kumfutia sentensi moja baada ya nyingine hadi insha ya kurasa kadhaa ikabaki mifupa yenye nguvu. Katika kumbukumbu hiyo ubaya wa sura umeelezwa bila kupunguzwa hata kidogo, na ndio unaobeba mapenzi ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Liang aliyeiandika alikuwa mtu mzima. Liang kijana asingeweza.

Hilo linathibitishwa na mgogoro wake wa kwanza wa hadharani. Mwaka 1922 mshairi Yu Pingbo alikuwa ametoa hoja kwamba ushairi mpya urudi kwa umma, uandikwe kwa lugha ya watu wote. Liang, mwanafunzi wa miaka 19, alimjibu katika ukurasa wa fasihi wa gazeti la Chenbao la Beijing. Alidai kwamba ushairi ni jumba la uzuri, na kwamba yako maneno ambayo hayastahili kukanyaga kizingiti chake: maneno ya ofisi na siasa, majina ya makampuni, na zaidi ya yote maneno ya chooni. Zhou Zuoren, mwandishi mkubwa na ndugu wa Lu Xun, alimjibu kwa makala juu ya maneno mabaya yasiyopendeza, akihoji ni nani aliyepewa mamlaka ya kuyapanga maneno katika makundi ya wateule na waliolaaniwa. Kijana hakukubali kushindwa. Kwa hakika hoja yake ilikuwa dhaifu, kwa kuwa neno halina ubaya wala uzuri kabla halijaingia katika sentensi ya mtu fulani mwenye nia fulani. Lakini haikuwa hoja ya kipuuzi. Nyuma yake palikuwa na utamaduni wa karne nyingi ambamo mtu msomi alijulikana kwa maneno asiyoyatamka.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili kwa Mchina anayejifunza Kiingereza, yafaa kulitazama neno lenyewe. Kichina kina herufi moja ambayo husomwa kwa namna tatu. Ikisomwa è, maana yake ni uovu. Ikisomwa wù, ni kitenzi cha kuchukia. Ikisomwa ě na kufuatwa na xīn, yaani moyo, ni kichefuchefu. Uovu, chuki na kutapika vimekaa katika umbo moja la maandishi, na msomaji wa Kichina huvipokea kama jamaa wa nyumba moja. Mencius, mwanafalsafa wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliutaja moyo wa kuona haya na kuchukia ubaya kuwa ndio chipukizi la uadilifu. Mtu asiyechukizwa hawezi kuwa mwema. Kiingereza kimezitawanya maana hizi katika maneno yasiyojuana. Neno disgust lilitoka katika Kilatini kupitia Kifaransa na Kiitalia, na asili yake ni ulimi uliokataa ladha. Neno vile lilianza likiwa na maana ya kitu cha bei rahisi. Neno foul linatokana na shina la kale lenye maana ya kuoza na kunuka, na ugly lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, likiwa na maana ya kinachotia hofu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kutabasamu hapa: yeye naye husema moyo umemchafuka anapotaka kutapika, na kivumishi chake -baya hutumika kwa sura, kwa hali ya hewa na kwa tabia bila kubadilika. Katika hili Mswahili na Mchina wako karibu zaidi wao kwa wao kuliko yeyote kati yao alivyo karibu na Mwingereza.

Tofauti huenda pia upande wa pili. Kichina hutenganisha choulou, ubaya wa kuonekana kwa macho, na chou'e, ubaya uliochanganyika na uovu. Kiingereza humwita ugly mtu mwenye sura mbaya, ugomvi uliochacha na kitendo cha kikatili bila kubadilisha neno. Mchina huhitaji kuamua kabla ya kutafsiri: ni macho yaliyochukizwa au dhamiri? Fauka ya hayo, liko neno la kila siku taoyan, ambalo Wachina hulitumia kwa mvua isiyokatika, kwa mtoto msumbufu, hata kwa mpenzi anayetania. Mwanafunzi anayeanza hukimbilia kulifasiri kwa disgusting, na humtukana rafiki yake wa Kiingereza bila kujua.

Liang aliondoka China mwezi Agosti 1923 kwa meli, pamoja na kundi la wanafunzi wa Tsinghua. Alisoma kwanza katika chuo cha Colorado, alikokaa na rafiki yake mshairi Wen Yiduo, kisha Harvard na Columbia. Harvard ndiko alikokutana na Irving Babbitt, mtetezi wa falsafa ya Utu Mpya aliyeupinga ulimbwende na urithi wa Rousseau. Babbitt alifundisha kwamba ubora wa mtu umo katika uwezo wa kujizuia kutoka ndani. Liang alikwenda kumsikiliza akiwa na mashaka, akatoka mfuasi. Msimamo wa kijana aliyeyafukuza maneno ya chooni sasa ulipata nadharia: fasihi ni nidhamu, na hisia isiyo na hatamu ni ugonjwa. Ni jambo la kuzingatia kwamba Babbitt mwenyewe alikuwa mwandishi mwenye ulimi mkali kwa wale aliowaona wapotofu. Kujizuia, kwa mwalimu na mwanafunzi wake vilevile, hakukumaanisha kukaa kimya.

Alirejea nyumbani mwaka 1926 na kufundisha Nanjing. Mwaka uliofuata vita vilimsukuma hadi Shanghai. Huko aliandika safu ya gazeti kwa jina la uandishi la Qiulang, na mwaka 1927 makala zake zilitoka kitabuni kwa jina la Sanaa ya Kutukana. Insha iliyokipa kitabu jina lake hutoa kanuni kumi kwa mzaha uliovaa uso wa mwalimu: mtukanaji ajijue na amjue adui, asimtukane aliye chini yake, ajue mahali pa kukoma, apige kwa kuzunguka, atulie wakati mwenzake anapopandwa na hasira, atumie lugha ya heshima, kwa kuwa tusi lililovikwa vazi zuri huuma kwa muda mrefu zaidi. Hapa ndipo mtunga kamusi anapoanza kuonekana. Aliyedai miaka mitano kabla kwamba baadhi ya maneno yafungiwe nje sasa alikuwa anayapima uzito, akiyapanga kwa daraja, akieleza ni lini neno laini linazidi ukali neno chafu. Kamusi nyingi hazimwambii mtumiaji jambo hilo.

Hakuchelewa kuhitaji kanuni zake. Mwezi Septemba 1929 alichapisha katika jarida la Mwezi Mchanga makala mbili zilizomgusa Lu Xun. Moja ilikanusha kwamba fasihi ina tabaka: mfanyakazi na tajiri, alisema, wote huzaliwa, huugua, hupenda na hufa. Nyingine ilishambulia tafsiri za Lu Xun za nadharia ya Kisovieti kuwa ni tafsiri ngumu, zinazofuata sentensi ya kigeni hadi Kichina kinapoteza pumzi. Lu Xun alijibu kwamba alitafsiri hivyo kwa makusudi, kwa sababu Kichina chenyewe kilihitaji kunyooshwa ili kibebe fikra mpya. Mjadala huo wa tafsiri bado una thamani kwa yeyote anayefikiria uhusiano wa lugha chanzi na lugha pokezi, na si haki kusema kwamba upande mmoja ulishinda. Lakini haukubaki mjadala wa tafsiri. Mwanzoni mwa 1930 mhakiki wa mrengo wa kushoto, Feng Naichao, alimwita Liang mbwa wa mabepari. Liang alifuata kanuni yake ya utulivu: hakukasirika, alisema, ila angependa kuonyeshwa bepari gani ndiye bwana wake, ili akadai ujira. Kisha akaongeza dokezo kwamba wako wengine wanaojua njia ya kwenda kupokea rubo.

Dokezo hilo lilikuwa kosa zito. Katika Shanghai ya wakati ule mtu aliyehisiwa kuwa mkomunisti aliweza kuuawa. Mwezi Februari 1931 serikali iliwapiga risasi waandishi watano vijana wa mrengo wa kushoto. Kwa hiyo karaha ya Lu Xun ilikuwa na msingi. Mwezi Mei 1930 alichapisha insha fupi ambayo kichwa chake kiliongeza sifa mbili juu ya tusi la Feng: mbwa aliyepotewa na makazi, na aliyechoka hata hafai kitu. Alieleza kwamba mbwa wa aina hii, hata kama analishwa na bepari mmoja, ni mali ya mabepari wote. Ndiyo maana humnyenyekea kila tajiri na kumbwekea kila maskini. Kwamba hamjui bwana wake, basi, ndiyo thibitisho. Kwa upande wa ufundi lilikuwa pigo lisilozuilika. Tusi lilijengwa juu ya maneno ya Liang mwenyewe.

Neno lililotumika, zougou, lina historia inayomfaa kila mwanafunzi wa semantiki. Katika Kichina cha kale lilikuwa jina la mbwa wa mawindo, mnyama mwenye kazi yake. Maandiko ya kihistoria ya enzi ya Han yanamtaja katika methali ya mbwa anayepikwa baada ya sungura kwisha, na huruma ya methali iko upande wa mbwa. Baadaye likageuka kuwa kibaraka. Lilipopelekwa katika Kiingereza neno kwa neno katika karne ya ishirini, lilizaa msemo wa mbwa anayekimbia, running dog, ambao masikioni mwa Mwingereza hauchukizi chochote. Mbwa anayekimbia ni mbwa mwenye afya. Msemo huo ulipata maana kwa kuwa tu ulirudiwa katika matangazo na vitabu vya kisiasa, na hadi leo Waingereza huutumia kwa mzaha. Kiswahili, ambacho kina kibaraka na mbwa koko, kingeweza kulipokea tusi hilo bila kulivunja meno.

Wakati insha ya Lu Xun inatoka, Liang alikuwa anakaribia kuanza kazi iliyompa jina. Mwaka 1930 Hu Shi, aliyeongoza kamati ya tafsiri ya taasisi iliyosimamia fedha za fidia ya Boksa, aliwaalika watu watano watafsiri Shakespeare yote: Wen Yiduo, Xu Zhimo, Chen Yuan, Ye Gongchao na Liang. Xu alikufa katika ajali ya ndege mwezi Novemba 1931. Wengine watatu hawakuendelea. Liang, aliyekuwa amehamia chuo kikuu cha Qingdao na mwaka 1934 akaitwa Beijing, alibaki peke yake. Kufikia mwaka 1936 tamthilia za kwanza zilianza kutoka, miongoni mwazo Hamlet, Macbeth, King Lear, Othello na The Merchant of Venice. Alifuata matini ya Oxford iliyohaririwa na W. J. Craig, akatafsiri kwa nathari, na akaambatanisha kila tamthilia na utangulizi pamoja na maelezo.

Hapa ndipo swali la mwaka 1922 lilipomrudia kwa nguvu zote. Shakespeare hana kizingiti. Katika King Lear, Kent anamkabili Oswald kwa safu ndefu ya matusi ambayo kila moja linabeba cheo, nguo, mshahara na ukoo wa mtu wa chini. Anayeyatafsiri kwa neno moja la jumla la ubaya amefuta jamii nzima ya Kiingereza ya wakati huo. Katika Troilus and Cressida, Thersites hafanyi kazi nyingine ila kutapika karaha juu ya mashujaa, kwa lugha ya vidonda, usaha na magonjwa ya zinaa. Katika tamthilia za vichekesho mizaha ya chumbani hufichwa katika maneno yenye maana mbili. Neno foul, ambalo Macbeth huliweka dhidi ya uzuri tangu onyesho lake la kwanza, hubeba kwa pamoja ukungu, uchafu, sura mbaya na uovu, na Kichina hulazimika kuchagua. Hata tahajia ni mtego. Waingereza wa zama zile waliandika abominable kwa kuongeza herufi h, kwa kudhani kwamba asili yake ni kitu kilicho mbali na ubinadamu, ilhali asili ya kweli ni ishara ya nuksi. Na katika Love's Labour's Lost mwalimu mjivuni Holofernes anawalaumu wanaoidondosha h hiyo. Mzaha kama huu haufasiriki. Hueleza tu mfasiri katika maelezo yake, naye Liang hakuwa mvivu wa maelezo.

Jibu lake lilikuwa kutoondoa kitu. Mwenzake asiyekutana naye, Zhu Shenghao, aliyefariki mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 32 baada ya kutafsiri tamthilia 31 katika umaskini na ugonjwa, aliandika Kichina chenye mdundo mzuri zaidi. Hilo hukubaliwa na wasomaji wengi. Lakini Zhu aliruka au alilainisha mengi yaliyokuwa machafu. Liang aliyabakiza yote, yakiwa na uchafu wao, kwa hoja kwamba mfasiri hana haki ya kumwosha mwandishi. Ni mwanafunzi wa Babbitt aliyefanya hivyo, na hakuna ukinzani hapa unaohitaji kufichwa. Nidhamu ambayo zamani ilimfanya ayafukuze maneno sasa ilimfanya ajizuie asiyaguse.

Wasomaji wa Kiswahili wana kipimo chao cha jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyetoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, aliipa The Merchant of Venice jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akiweka hukumu ya kimaadili katika jina lililokuwa la kibiashara tu. Liang, ambaye aliitwa mbwa wa mabepari, alilitafsiri jina hilohilo kwa neno la kawaida la mfanyabiashara. Kila mmoja alijua anachokifanya.

Vita na Japani vilipoanza mwezi Julai 1937, Liang aliikimbia Beijing akimwacha mkewe, Cheng Jishu, na watoto; hawakuungana tena hadi mwaka 1944. Alikaa Beibei karibu na Chongqing, katika nyumba ya udongo na mianzi aliyoiita kwa kejeli Nyumba ya Adabu, ambamo mvua ilipenya na panya walitamba. Huko aliandika insha fupi zilizokuja kupendwa kuliko yote aliyoyaandika. Insha yake juu ya wanaume huanza na uchafu wao: shingo zisizooshwa, soksi, leso. Nyingine, ya baadaye, imepewa jina la Uchafu, na hupita sokoni na vyooni bila haya. Hakuna hasira ndani yake. Ni karaha iliyopoa ikawa utani, na lugha ni safi mno kiasi kwamba msomaji huchelewa kutambua ameonyeshwa nini.

Siasa haikumsahau. Mwaka 1940 alipokuwa miongoni mwa wajumbe wa baraza la kisiasa waliopangiwa kuzuru kaskazini, Mao Zedong alituma simu kusema hakaribishwi Yan'an. Mwezi Mei 1942, katika hotuba zake za Yan'an juu ya fasihi na sanaa, Mao alimtaja kwa jina kuwa mfano wa mwandishi wa mabepari. Tangu hapo tusi la mwaka 1930 halikuwa tena la Lu Xun peke yake. Likawa sehemu ya mtaala. Mwaka 1949 Liang alipitia Guangzhou hadi Taiwan. Bara, vizazi vya wanafunzi vilimjua kwa sifa zile mbili za mbwa, na havikuweza kusoma hata ukurasa wake mmoja hadi miaka ya 1980.

Mjini Taipei alifundisha katika chuo cha ualimu kilichokuja kuwa chuo kikuu cha ualimu cha taifa, akawa mkuu wa idara ya Kiingereza na baadaye wa kitivo cha fasihi, na akastaafu mwaka 1966. Kwa kampuni ya vitabu ya Far East alihariri vitabu vya kiada na mfululizo wa kamusi za Kiingereza na Kichina, kubwa na ndogo, zilizotumika shuleni kote kisiwani. Kazi hiyo ilimrejesha kwenye yale maneno. Kidahizo kimoja cha Kiingereza, kama loathsome, huhitaji visawe viwili au vitatu vya Kichina vilivyopangwa bega kwa bega, na hakuna hata kimoja kinachokaa sawasawa juu yake. Mtunga kamusi hana nafasi ya kueleza kwamba hili husemwa kwa nadra na lile kila siku. Hili na mwanamke mzee, lile na hakimu. Mwanafunzi hubeba orodha kwenda mtihanini. Liang alijua upungufu huo, kwani alikuwa ameshughulika na maneno hayohayo midomoni mwa Kent na Thersites, ambako kila tusi lina msemaji na lina mtu lililompiga. Ndiyo maana kazi zake mbili, kamusi na tafsiri, hazipaswi kutenganishwa, ingawa wahakiki wengi huisifu ya pili na kuipita ya kwanza kana kwamba ilikuwa ajira tu. Aliyekuwa na kamusi ya Liang mkono mmoja na Shakespeare ya Liang mkono wa pili aliweza kulifuata neno kutoka orodhani hadi mdomoni. Taiwan, kadhalika, iliendelea kuandika chou ya ubaya kwa herufi ya zamani, ambayo sehemu yake moja ni herufi ya pepo, wakati bara, kwa marekebisho ya mwaka 1956, iliiunganisha na herufi ya mchekeshaji wa opera mwenye doa jeupe puani. Kijana wa bara aliandika mbaya na mchekeshaji kwa mistari ileile minne.

Tamthilia 37 zilitoka kamili mwaka 1967, na mashairi yakafuata mwaka 1968, yote pamoja majuzuu 40. Mkewe, aliyemvumilia kwa miongo yote hiyo, alifariki mjini Seattle tarehe 30 Aprili 1974 baada ya kuangukiwa na ngazi mbele ya duka. Liang aliandika kitabu cha kumwomboleza katika mwaka uleule. Mwaka uliofuata alimwoa mwimbaji na mwigizaji Han Jingqing, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na magazeti ya Taipei yakamwandama kwa maneno ambayo angeweza kuyapanga kwa daraja bila kufungua kamusi. Alioa hivyohivyo. Kisha akamaliza historia ya fasihi ya Kiingereza katika majuzuu matatu.

Katika Taiwan ya wakati huo vitabu vya Lu Xun vilikuwa marufuku. Liang aliulizwa mara nyingi amzungumzie mtu aliyemwita mbwa, katika nchi ambamo mtu huyo hakuweza kujibu wala kusomwa. Alipoandika hatimaye, alianza kwa kutamka kwamba yeye binafsi hakubaliani na kuvipiga marufuku vitabu hivyo. Baada ya hapo ndipo aliposema, kwa ukali wa kutosha, kwamba mwandishi huyo alikuwa na manung'uniko mengi na mapendekezo machache. Alizisifu baadhi ya kazi zake, ile historia fupi ya hadithi za Kichina ikiwa mojawapo, na akakoma.

Sheria ya kijeshi iliondolewa Taiwan mwezi Julai 1987, na wakazi wake wakaanza kuruhusiwa kwenda kuwaona jamaa zao bara mwanzoni mwa mwezi Novemba. Liang Shiqiu alifariki Taipei tarehe 3 Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 84, bila kuiona tena Beijing. Maandishi yake yaliyokusanywa yalichapishwa Xiamen mwaka 2002 katika majuzuu 15, na ndani yake zimo makala za mwaka 1922 juu ya maneno yasiyostahili kuingia katika ushairi, pamoja na insha ya Uchafu.